Maji ya Rejeta Hayaliwi

Alama ya taa ya joto ni kipimajoto kidogo kilichosimama juu ya mawimbi, na ikiwaka nyekundu kwenye dashibodi hakuna dereva asiyeelewa kwamba injini imepata joto kupita kiasi. Kinachofuata baada ya hapo ndicho kinachonisumbua. Gari linapelekwa pembeni, boneti inafunguliwa, chupa ya maji ya kunywa inanunuliwa duka la karibu, yanamiminwa, taa inazimika, safari inaendelea. Kesho yake chupa nyingine. Baada ya muda dumu la lita tano limeshahamia kwenye buti pamoja na jeki na spea tairi, na mwenye gari anamwambia kila anayeliazima: "Hili linakunywa maji kidogo, uwe unaliangalia."

Gari halinywi maji. Petroli inachomwa, na hata oili inaweza kuungua kidogo kidogo, lakini maji ya rejeta yanazunguka ndani ya mfumo uliofungwa na hayana kazi ya kuliwa. Yakipungua, yametoka mahali. Kwa hiyo shughuli yoyote ya kutafuta ugonjwa wa taa hii, iwe kwa fundi wa Gerezani pale Kariakoo au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, ingepaswa kuanza na maswali mawili: taa iliwaka gari likiwa katika hali gani, na maji yaliyopungua yamekwenda wapi? Mafundi wazuri huuliza hivyo kabla ya kushika spana. Wengi, kwa kusukumwa na mteja anayetaka gari lake jioni hiyohiyo, huanza kwa kufungua vitu.

Tuone kwanza ukubwa wa kazi yenyewe. Katika petroli yote inayochomwa, robo hadi theluthi hivi ndiyo inayosukuma magurudumu. Inayobaki inageuka joto: sehemu inatoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu nyingine inayokaribiana nayo lazima ibebwe na maji. Ndani ya silinda, kwa kitambo kifupi cha mlipuko, moto hupita nyuzi 2,000 za selsiasi, ilhali alumini ambayo hedi na pistoni zimetengenezwa nayo huyeyuka hata kabla ya kufika nyuzi 660. Hedi hiyo inanusurika kwa sababu maji yanapita nyuma ya kuta zake bila kusimama. Wota pampu inayasukuma kwenye bloku na hedi. Thamostati inayazuia mpaka yapate joto la kazi, ambalo kwa injini nyingi ndogo za Toyota ni kama nyuzi 82. Kisha inafunguka yaende kwenye rejeta, yapoe kwa upepo na feni, na kurudi tena.

Sensa ya joto imekaa kwenye njia hiyo, mara nyingi pale maji yanapotoka kwenye hedi. Ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri joto linavyopanda. Kompyuta ya gari inasoma ukinzani huo na kuamua feni ianze lini, petroli imwagwe kiasi gani, na taa ipi iwake. Hapa pana jambo ambalo dereva anapaswa kulijua kabla ya mengine: sensa hupima joto la kile kinachoigusa. Mpira wa rejeta ukipasuka ghafla na maji yote yakamwagika, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na inaweza kusoma joto dogo kuliko la chuma kilicho pembeni yake. Injini inaungua huku dashibodi ikionyesha mambo ni shwari. Ndiyo maana mshale unaoshuka ghafla upande wa baridi wakati gari linapanda mlima ni habari mbaya kuliko mshale unaopanda. Hita nayo, ikiwa ilikuwa inatoa hewa ya moto kisha ikaanza kutoa ya baridi wakati injini inaunguruma kwa shida, inakuambia jambo hilohilo: maji hayapo, au hayazunguki.

Na si magari yote yana mshale. Vitz ya kizazi cha pili, na magari mengi madogo tunayoyapokea kutoka Japani, yana taa mbili tu: ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi na kuzimika ikipata joto kiasi, na hiyo nyekundu. Kati ya bluu kuzimika na nyekundu kuwaka dereva hana taarifa yoyote, na joto linaweza kupanda nyuzi 50 katikati hapo bila yeye kujua. Hata kwenye yenye mshale, mengi ya miaka hii mtengenezaji ameutuliza makusudi: maji yakiwa na nyuzi 80 unakaa katikati, yakifika 100 unakaa palepale, ili mwenye gari asihangaike. Magari ya Ulaya huongeza taa nyingine, ya kiwango cha maji kwenye tangi. Volkswagen nyingi hutumia pini mbili za chuma zinazopitisha umeme kwenye maji yenyewe; BMW hutumia boya lenye sumaku. Hiyo ikiwaka haina maana gari limechemka, ina maana maji yamepungua, na thamani yake ni kwamba inasema mapema. Pini zikishika uchafu taa huweza kuwaka bila sababu, na hapo kuna mafundi wanaokata waya badala ya kusafisha pini. Siku maji yanapopungua kweli, hakuna wa kusema.

Anayenunua gari lililotumika aangalie kitu kidogo ambacho hakigharimu hata senti: akifungua swichi bila kuwasha injini, kwenye magari mengi taa nyekundu huwaka sekunde chache kisha kuzimika. Taa nyingine zikiwaka yenyewe ikabaki giza, aulize kwa nini kabla ya kutoa pesa.

Taa ikiwaka njiani, maamuzi ya dakika chache zinazofuata ndiyo yatakayotenganisha bei ya mpira wa rejeta na bei ya injini nzima. Zima AC. Fungua hita mpaka mwisho na feni yake iwe kasi ya juu, hata kama jua la Dodoma linawaka, kwa sababu hita nayo ni rejeta, ndogo tu. Simama pa kwanza palipo salama, na kama mvuke unatoka au taa haizimiki, zima injini. Maneno "nifike tu pale mbele" yamemaliza injini nyingi kuliko wota pampu mbovu. Kofia ya rejeta isiguswe. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa kuwa yamebanwa na presha. Ukiifungua, presha inaondoka na yanageuka mvuke palepale, usoni na mikononi mwako. Minya mpira wa juu kwa kitambaa: ukiwa bado mgumu, presha ipo, endelea kusubiri. Maji baridi nayo yasimwagwe ndani ya injini ya moto, wala juu yake, maana chuma kilichotanuka kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Gari linalochemsha kwenye foleni ya Ubungo jioni, kisha likapoa mara tu barabara inapofunguka, limeshataja ugonjwa wake lenyewe: ni feni. Likiwa mwendoni upepo wa njia unafanya kazi ya feni. Likisimama, kila kitu kinaitegemea. Jaribio lake halihitaji mashine. Gari likiwa limesimama linaunguruma, washa AC. Kwa magari mengi feni lazima izunguke. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki maji yanapopata joto, mota ni nzima, na lawama ziende kwenye sensa, rilei au waya. Isipozunguka kabisa, fungua boksi la fyuzi, tazama fyuzi yake, kisha chomoa rilei ya feni uweke nyingine inayofanana nayo kutoka kwenye boksi hilohilo, kama ya honi ikiwa zinalingana. Watu wamenunua rejeta mpya kwa sababu ya rilei moja. Kwa Hilux na Land Cruiser nyingi mambo ni tofauti kidogo, kwani feni yake inaendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa na joto, uisukume feni kwa kidole. Ikizunguka kirahisi mizunguko mingi bila kukataa, klachi imechoka.

Gari linalovumilia mjini lakini linachemsha mlimani ni kesi nyingine. Anayetoka Ruaha Mbuyuni, kwenye bonde lile la joto na mibuyu, anaingia Kitonga injini ikiwa tayari ya moto, kisha anapanda kwa gia ndogo nyuma ya lori lililobeba mzigo kwenda Iringa. Joto linalozalishwa ni jingi, upepo unaoingia mbele ni mchache. Rejeta iliyoziba nusu, ambayo Dar es Salaam ilikuwa inatosha, hapo inaumbuka. Ni hivyohivyo kwa Sekenke upande wa Singida, na kwa anayepandisha kutoka Mai Mahiu kwenda Nairobi. Ugonjwa wa mlimani ni ugonjwa wa uwezo: mirija ya rejeta imeziba ndani kwa kutu na chumvi, au thamostati inafunguka nusu, au belti inateleza, au mapanga ya wota pampu yameliwa na kutu. Sehemu inayosahaulika zaidi ni uwazi mwembamba kati ya kondensa ya AC na rejeta. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi. Nyuma yake kumeshonwa vumbi, mbawa za wadudu na tope la barabara za vijijini mpaka hewa haipiti. Lazima zitenganishwe ndipo paoshwe, kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele, maana presha kubwa hulaza mapezi ya alumini na kuziba palepale ulipotaka kufungua.

Mipira miwili ya rejeta nayo inasema mengi kwa anayejua kuishika. Injini ikishapata joto, wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi, maji hayapiti: thamostati imeganda ikiwa imefungwa, au rejeta imeziba, au pampu haisukumi. Yote miwili ikiwa ya moto karibu sawa, maji yanapita lakini hayapozwi, na hapo rudi kwenye feni na uchafu wa nje. Na kama taa imewaka dakika mbili tatu tu baada ya kuwasha asubuhi, maji mengi kiasi hicho hayawezi kuwa yamechemka kwa muda huo. Shuku sensa na waya wake, au mfumo wenye maji kidogo mno, au gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Hilo la mwisho nitalifikia.

Swali la pili, maji yamekwenda wapi, lina majibu matatu tu: nje, kwenye oili, au ndani ya silinda. Nje ndiko kunakoongoza, na kwa bahati ndiko kwenye bei nafuu. Kulanti, kile kimiminika cha rangi kinachotiwa kwenye rejeta badala ya maji matupu, ikivuja na kukauka huacha ukoko wa rangi yake, wa waridi au kijani, na ukoko huo ndio ushahidi wa kutafuta kwa tochi injini ikiwa baridi. Utafute pale tangi la plastiki la rejeta linapokutana na alumini, kwa kuwa plastiki ya miaka kumi na zaidi huwa imekakamaa na kupasuka nyufa nyembamba zinazofunguka tu kukiwa na joto. Utafute chini ya wota pampu, kwenye tundu dogo lililowekwa makusudi na mtengenezaji ili sili ikichoka maji yatokee hapo yaonekane. Utafute hata ndani ya gari: kapeti ya miguuni ikiwa na unyevu na kioo cha mbele kikishika ukungu wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Uvujaji mwingi hauonekani injini ikiwa imepoa kwa sababu presha haipo. Dawa yake ni pampu ya mkono ya kupimia presha, kifaa kidogo chenye geji kinachofungwa shingoni mwa rejeta mahali pa kofia. Unapandisha presha mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kofia, injini ikiwa baridi na imezimwa, unasubiri robo saa. Mshale wa geji ukishuka, maji yanatoka, na sasa unaweza kuinama na kutafuta bila kuungua. Kifaa hiki si ghali kwa gereji inayofanya kazi kila siku, lakini ni chache zilizo nacho, na nadhani mwenye gari ana haki ya kukiulizia kabla ya kukubali injini yake ifunguliwe. Hedi ngapi zimefunguliwa kwa sababu ya klipu ya mpira iliyolegea!

Kofia ya rejeta inastahili nafasi yake peke yake, kwa kuwa ni spea ya bei ndogo inayodharauliwa kuliko zote. Ina vali mbili. Moja inashikilia presha, kwa magari mengi ya Kijapani ya kisasa ni baa 1.1 juu ya hewa ya nje, na ikizidi inaachia maji yaende kwenye kitanki cha akiba. Ya pili inafunguka injini inapopoa ili maji yavutwe kurudi. Vali hiyo ya pili ikigoma, maji yanatoka lakini hayarudi: kila asubuhi kitanki kimejaa mpaka kinamwagika, rejeta ina upungufu, na mpira wa juu umefinyika kama mrija ulionyonywa. Dereva anatazama kitanki, anaona maji tele, anaridhika. Ndiyo maana kwa gari lenye kofia juu ya rejeta ukaguzi wa kweli ni kuifungua kofia asubuhi injini ikiwa baridi kabisa na kuona maji yamefika shingoni. Kitanki peke yake kinaweza kudanganya.

Vali ya kwanza ikilegea, madhara yanategemea unaishi wapi, na hili sijaona likisemwa vya kutosha. Mombasa au Tanga, usawa wa bahari, maji matupu bila presha huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Timboroa, karibu mita 2,700, ni kama nyuzi 91. Kofia nzima ya baa 1.1 hupandisha mchemko mpaka nyuzi 121 hivi pwani, na karibu 118 Nairobi, kwa hiyo tofauti ya miinuko haisumbui. Lakini feni za magari mengi madogo huanza kuzunguka maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 100. Kwa kofia iliyokufa, gari la Nairobi linaweza kuanza kuchemka kabla hata feni haijaitwa kazini. Gari lilelile likishuka Mombasa linaonekana limepona, mwenyewe anashukuru, na akirudi bara ugonjwa unamsubiri. Kofia ibadilishwe kwa nyingine yenye namba ileile ya presha. Yenye namba kubwa zaidi haisaidii chochote zaidi ya kutafuta mpira dhaifu na kuupasua.

Kuhusu maji na kulanti kuna ubishi wa miaka mingi gerejini, na haki itendeke kwa pande zote. Fundi anayesema maji matupu yanabeba joto vizuri kuliko kulanti anasema kweli. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba joto pungufu kuliko maji. Na kwa anayeishi Dar es Salaam, uwezo wa kulanti kuzuia barafu haumhusu, ingawa wa Makete na Kitulo, ambako Juni na Julai umande huganda, unamhusu. Lakini kulanti imebeba mambo mengine ambayo maji hayana: kemikali zinazozuia kutu kwenye alumini, ulaini unaolinda sili ya pampu, na mchemko ulio juu zaidi, kama nyuzi 107 bila presha kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Injini yenye hedi ya alumini, bloku ya chuma, na shaba au solda kwenye rejeta ya zamani ni betri inayosubiri maji ya chumvi. Maji ya kisima ya Dodoma au ya visima vya pwani yana madini yanayoganda kwenye kuta za moto, yakajenga gamba linalozuia joto lisitoke, na kloridi inayotoboa alumini. Kama huna kulanti na lazima uongeze, maji yaliyochujwa madini yanayouzwa kwa ajili ya betri, yale yasiyo na asidi, ni afadhali mara nyingi kuliko ya bomba.

Rangi isikubabaishe. Ni dai, si kipimo. Kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine. Kinachojalisha ni aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwamba aina tofauti zisichanganywe ovyo, kwa kuwa kemikali zake huweza kupunguzana nguvu au kuacha tope. Kulanti ya waridi ya Toyota ya maisha marefu imepangiwa kilomita 160,000 tangu gari likiwa jipya, kisha kila kilomita 80,000. Chupa isiyosema ina glikoli, kiungo kikuu cha kulanti, asilimia ngapi isiingie kwenye gari lako. Na glikoli ya ethilini ni sumu yenye ladha tamu: ikimwagwa uani, mbwa na paka huilamba, na mtoto anaweza kuionja.

Tabia ninayotamani iishe ni ya kung'oa thamostati. Hoja yake ni kwamba huku kwetu kuna joto, hakuna haja ya kitu kinachozuia maji. Bila thamostati injini haifiki joto la kazi kwa wakati, kompyuta inadhani asubuhi haijaisha na kuendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, na mwenye gari analipa tofauti hiyo kila anapopita kituo cha mafuta. Zipo pia injini ambazo thamostati yake ina vali ya pili inayofunga njia ya mkato injini ikipata joto. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Thamostati ikishukiwa, ichemshwe kwenye sufuria na kipimajoto. Isipofunguka kwenye joto lililogongwa juu yake, inunuliwe mpya.

Dawa za kuziba uvujaji zinazomiminwa kwenye rejeta, pamoja na bizari na mayai ya wale waliokwama porini, zikufikishe mjini tu. Haziijui tofauti kati ya tundu linalovuja na mirija myembamba ya hita.

Sasa gasketi ya hedi. Mtengenezaji wa injini ndogo za Toyota kama 1NZ-FE anaruhusu uso wa hedi unaokalia bloku upinde si zaidi ya milimita 0.05, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wa watu wengi. Dakika kumi za kuendesha injini inayochemka zinatosha kuvuka hapo. Ikishapinda, gasketi haishiki, gesi ya silinda inaingia kwenye maji au maji yanaingia kwenye silinda na oili. Dalili zake: moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamu, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mapovu yasiyoisha shingoni mwa rejeta, mipira iliyo migumu asubuhi kabla injini haijapata joto. Subaru za injini ya EJ25 zimejulikana kwa gasketi zinazovuja, na wenye Forester za injini hiyo wanalijua vizuri. Kabla ya kufungua, kuna kipimo cha kemikali: kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta, na hewa ya mule ndani ikiwa na kaboni dayoksaidi kutoka kwenye silinda, kinageuka njano. Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na geji za unene, ichongwe kwenye mashine ikihitajika, na ipimwe nyufa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni pesa iliyotupwa.

Umeme nao una kesi zake. Misimbo ya hitilafu inayosomwa kwenye kompyuta ya gari, P0115 hadi P0118, inahusu sensa ya joto na waya wake. P0128 inasema injini haifikii joto linalotakiwa, mara nyingi kwa thamostati iliyobaki wazi au iliyong'olewa. Kwa mwenye gari lisilo na mshale, ningemshauri anunue kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu. Kitamwonyesha joto la maji kwa namba. Akizoea kwamba gari lake huwa kati ya 85 na 98, siku akiona 104 kwenye barabara tambarare atajua muda mrefu kabla ya taa nyekundu. Kwa Prius na Aqua, ajue pia kwamba kuna mizunguko miwili ya maji, mmoja wa injini na mwingine wa inveta, kila mmoja na kitanki chake, na pampu ya inveta ni ya umeme. Upungufu wa kimoja hauonekani kwenye kingine.

Kosa la mwisho hutokea wakati wa kujaza. Maji yakimiminwa haraka, hewa inabaki imefungwa ndani ya hedi, na gari lililotengenezwa vizuri linachemsha siku hiyohiyo, fundi anatukanwa, thamostati nzima inang'olewa. Pua ya gari iinuliwe kidogo, hita ifunguliwe mpaka mwisho, kulanti imiminwe taratibu, skrubu ya kutolea hewa ifunguliwe kama ipo, kisha injini iachwe iungurume kofia ikiwa wazi mpaka thamostati ifunguke, mpira wa chini upate joto, mapovu yaishe na feni iwake na kuzima walau mara mbili. Ndipo kofia ifungwe. Alama ichorwe kwa kalamu kwenye kitanki, na kwa wiki nzima kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kiwango kitazamwe. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyobaki ikitoka. Kikiendelea kushuka baada ya hapo, pampu ya presha irudishwe shingoni mwa rejeta na utafutaji uendelee, kabla mtu yeyote hajataja habari ya kufungua hedi.